Mbwa wa Aliyembeba

Kutoka Morogoro hadi Tabora tulikaa, kutoka Tabora hadi Mpanda tulisimama. Hivyo ndivyo ninavyoikumbuka safari ile. Binti yetu, ambaye alikuwa bado hajaacha ziwa, alilala juu ya gunia la vyombo katikati ya miguu ya watu. Pale Tabora treni ya Mpanda ilichelewa kiasi kwamba mke wangu alizoeana na muuza uji wa stesheni, wakaanza kuitana shoga. Baada ya Kaliua reli inaingia porini, na pori lile haliishi. Miti ile ile, vichuguu vile vile, mbung'o wanaingia dirishani na abiria wanawapiga kwa kandambili. Mke wangu alitazama nje kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huko mbele kuna watu, au umesikia tu?"

"Kuna asali," nikasema. "Kuna mninga. Kuna dhahabu."

"Nimeuliza watu."

Kweli nilikuwa nimesikia tu. Dereva mmoja wa lori alinisimulia habari za Mpanda tukiwa tunasubiri gurudumu lizibwe, nami sikuwahi kuhitaji zaidi ya hapo ili nihame. Nilikuwa na kidato cha nne changu na miaka ishirini na kidogo. Nilishakuwa karani kwenye mashamba ya mkonge, mpimaji wa miwa, na utingo. Sasa nimevuka arobaini na bado napanga vyumba vya watu. Miji mingi niliyopita siikumbuki hata rangi ya milango yake. Mpanda naikumbuka yote, na ningependa nisiikumbuke hivyo.

Mwanzoni tulipanga chumba Majengo, mitaa ya wafanyabiashara, kelele mpaka asubuhi. Baadaye tukapata nyumba ndogo ya tofali za kuchoma pembezoni mwa Misunkumilo. Mbele yetu palikuwa na nyumba chache, nyuma palikuwa na shamba letu la mahindi na karanga, na nyuma ya shamba pori lilianza bila kubisha hodi. Kazi nilipata upesi. Mfanyabiashara mmoja wa Majengo alikuwa ananunua asali na nta kutoka kwa warina asali wa vijijini, akahitaji mtu anayejua kusoma mizani na asiyechoka njia. Mkoa ulikuwa bado Rukwa siku hizo, na Katavi lilikuwa jina la mbuga tu. Nilipanda juu ya lori nikaenda Inyonga, nikaenda Mishamo, nikakaa huko wiki, wakati mwingine zaidi. Niliipenda kazi ile kuliko zote nilizopata kufanya. Nilirudi nyumbani nguo zikinuka moshi na asali, nikijiona mtu.

Mke wangu ndiye aliyebaki. Fisi walipita nyuma ya choo. Mchana wapita njia waliokuwa wakielekea machimboni waligonga kuomba maji, na baadhi yao hawakuonekana kuwa na kiu. Siku moja nilirudi nikamkuta anachambua maharage uani, mtoto mgongoni. Hakuinua sauti wala uso.

"Mimi sikatai kukaa," alisema. "Nitafutie mbwa. Mbwa akipatikana, nitakaa. Asipopatikana, mavuno yakiisha nachukua mtoto narudi kwa mama yangu."

"Mbwa tu?"

"Mbwa tu. Ila awe mbwa wa nyumbani. Si kila mbwa ni wa nyumbani."

Yeye alikulia milimani Uluguru, ambako mbwa hulala shambani wakifukuza ngedere na nguruwe. Mimi kwetu ni upande wa Korogwe, na bibi yangu alimfukuza kwa maji mbwa yeyote aliyekaribia ua wake. Kwa hiyo sikujua chochote kuhusu mbwa, na asiyejua ndiye huchagua sana. Nilianza kutafuta kwa namna ambayo nadhani ilinifurahisha zaidi kuliko kupata. Kila kijiji nilichofika niliuliza habari za mbwa, nikaonyeshwa, nikatikisa kichwa. Huyu mwembamba, yule ana macho ya wizi, yule mwingine anajipendekeza mno kwa wageni.

Wa kwanza niliyemleta nyumbani nilipewa na muuza nyama wa Majengo. Alikuwa mkubwa, amenona, akibweka kama mtu anayebomoa ukuta. Alikaa nasi mchana kutwa akimlamba mtoto miguu. Jioni, harufu ya mishikaki ilipoanza mjini, alinyoosha mgongo akaenda zake buchani. Tulimrudisha, akaenda tena. Yule muuza nyama alicheka mpaka akashika meza. "Ndugu yangu, huyo ameajiriwa hapa. Wewe una mshahara gani wa kumpa?"

Wa pili alitoka Mishamo. Huko kulikuwa na mkulima mmoja mwenye asili ya Burundi, mtu wa kanisani, mpole, ambaye nilinunua asali yake mara nyingi na nikala kwake maharage ya mawese. Alinipa dume jekundu la mwaka mmoja, nikalisafirisha ndani ya tenga juu ya lori, likitapika njia nzima. Nilijivunia mbwa yule. Masikio yalikuwa wima, kifua kama cha swala. Akakaa nasi hadi siku vijana wawindaji wa kanga walipopita kando ya shamba letu na filimbi zao. Hakugeuka hata mara moja. Nilimwona anavyokwenda, mkia juu, kati ya miguu ya watu asiowajua.

Mke wangu alisimama kando yangu akikausha mikono kwenye kanga yake. "Mbwa mzuri," alisema. "Amefanana na wewe."

Mavuno yalikuja yakapita. Sikumwona akifunga mizigo, nami sikuuliza. Alichosema ni kwamba angesubiri hadi mavuno mengine.

Ndipo tukasikia habari za jike la kijivu. Nje kidogo ya Misunkumilo aliishi mzee mmoja wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, na wake zake wawili, na wajukuu. Jike lake lilijulikana. Watu walisema watoto wake hawaondoki pale walipofikishwa. Mmoja alibaki akilinda nyumba ya mwenyewe aliyefariki hadi ndugu walipokuja kumchukua kwa nguvu. Nilikwenda na kilo moja ya asali kama salamu. Mzee alikuwa amechuchumaa akipaka mafuta ngozi ya ng'ombe, mtu mkubwa, kifua wazi, mdomo umejaa utani.

"Mwangaluka, baba," nikasema, maana hilo nilikuwa nimejifunza.

"Mwangaluka. Nasikia wewe ni mtu wa Tanga."

"Wa Korogwe, ndiyo."

"Mtani wangu basi. Babu yangu aliwabebea nyie mizigo hadi baharini, na hamkumpa hata samaki. Leo unataka mbwa."

Jike lilikuwa limezaa. Alinipeleka nyuma ya ghala, ambako mke wake mkubwa alikuwa akilimwagia jike pumba za uji. Vitoto vilikuwa vimejaa tumboni kwake kama viazi shimoni. Nilifurahi kupita kiasi. Nikanyoosha kidole nikaanza, kwa sauti, kama nilivyozoea kufanya kwenye madebe ya asali: mmoja, wawili, watatu, wanne. Yule mke mkubwa aliinuka, akachukua ungo, akavifunika.

Mzee hakukasirika. Alinishika bega tukarudi kwenye ngozi yake. "Mtani, kwetu kilicho hai hakihesabiwi kwa kidole. Ng'ombe zangu ukiniuliza ni wangapi, nitakwambia wapo. Uzao huu umeshauhesabu, siwezi kukupa kutoka humo. Subiri mwingine."

"Mwingine utakuwa lini?"

"Tena unahesabu."

Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikamweleza mke wangu, nikategemea ataudhika. Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Kweli ulinyoosha kidole? Mbele ya mama yao?" Kesho yake mimi nilipanda lori kwenda Inyonga. Yeye alikwenda kwa mzee kuomba radhi kwa niaba yangu, mtoto akimfuata kwa miguu yake mwenyewe.

Jike lile halikuzaa upesi. Mwaka ukapita bila kitu. Na katika mwaka ule, mambo mengi yalitokea ambayo mimi niliyapata kwa kusimuliwa. Mke wangu alikuwa akienda kwa yule mke mkubwa wa mzee karibu kila wiki kulitazama jike, akilipelekea ukoko na pumba. Yule mama akamfundisha kukata viazi vitamu vyembamba, kuvianika, kuvitunza viwe michembe ya kupika na karanga wakati wa njaa. Wakalima kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Binti yetu akaanza kuongea Kisukuma na wajukuu wa mzee, akinirekebisha salamu zangu. Nikirudi nakuta nyumbani kuna mtungi mpya, kuna kuku, kuna mwanamke nisiyemjua amekaa kwenye kigoda akisuka ukili na kuniambia "karibu" ndani ya ua wangu.

Mavuno mengine yakaja. Mke wangu hakuwa anayataja tena ya kurudi kwa mama yake. Mimi niliona kwamba ananingoja nimtimizie ahadi, nikazidi kuwa na shauku ya mbwa yule. Nilijua hata atakavyokuwa. Nilijiona nikirudi kutoka safarini, naye ananipokea barabarani.

Hatimaye jike likabeba mimba. Mzee alikuja mwenyewe kutuambia, akakaa uani, akanywa togwa, akaeleza utaratibu wa kwao. Mtoto wa mbwa habebwi na yeyote tu. Anabebwa na yule atakayekuwa wake, amefunikwa kitambaa chenye harufu ya mtu huyo ili asiione njia ya kurudia. Anayembeba haangalii nyuma. Hasalimii mtu njiani na hajibu salamu, kwa sababu kila sauti anayoijibu, mtoto wa mbwa anaihesabu kuwa ya nyumbani. Akifika anamlisha ugali wa kwanza kwa mkono wake, na siku za mwanzo hakuna mwingine anayemlisha.

"Sasa ni nani atambeba?" mzee akauliza.

"Mimi," nikasema upesi.

Mzee akamtazama mke wangu, mke wangu akatazama togwa. "Haya," mzee akasema. "Mvua zikianza watakuwa wamekomaa kuachishwa. Uwepo, mtani. Nikimwita mtu siiti tena."

Mvua za mwaka ule zilianza na msimu wa asali. Tajiri wangu alitaka mzigo wa Inyonga kabla barabara haijafungwa. Nilimwambia mke wangu ni safari ya haraka, nitawahi. Nilikuwa na hakika nitawahi, nami hadi leo siwezi kusema nilikuwa nadanganya. Lakini tulipokuwa tunarudi, lori likazama mbugani hadi kwenye ekseli. Tulikata miti, tukaweka chini ya magurudumu, tukasukuma, tukala asali na mihogo, tukasukuma tena. Wenzangu walilaani. Mimi, ni lazima niandike, nilikuwa na furaha. Pori lilikuwa limelowa, vyura walikuwa wanaimba kila upande, na nilijisikia kama mtu aliyepewa likizo.

Mzee aliita wakati niko kule. Mke wangu alingoja kidogo, akatazama barabara, kisha akavua kanga aliyokuwa amejifunga, akaenda.

Haya mengine nilisimuliwa na mtaa mzima. Alitoka kwa mzee amekumbatia kitu kifuani chini ya kanga, macho mbele. Wanawake wa kisimani wakamsalimia, akapita. Muuza mafuta ya taa akamwita, akapita. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu aliyependa sana kuamkiwa, alisimama katikati ya njia akamwambia, "Habari za mchana, mama," naye akamzunguka kama anavyozungukwa mti. Jioni balozi alikuja kushitaki. Alimkuta ameketi chini jikoni, anamlisha kitoto cha kijivu tonge za ugali kwa vidole. Balozi alikuwa mtu wa Kifipa, na alipoelezwa akasema, "Ungeniambia tu," halafu akakumbuka kwamba asingeweza kuambiwa, akaanza kucheka.

Nilipofika nyumbani, matope hadi kiunoni, kitoto kilinibwekea. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inachekesha. Binti yangu alikuwa anacheka. Mke wangu akasema, "Nyamaza, huyo ni baba," akampapasa, akanyamaza. Mimi pia nilicheka. Nilichukua tonge nikampa, akalinusa, akamtazama mke wangu, hakula.

Jina alilompa silisemi hapa. Ni la kwao. Mbwa alikua, akawa hasa mbwa niliyekuwa nimemtafuta: hakumfuata mwindaji, hakujua buchani ni wapi, hakujipendekeza kwa mgeni. Wapita njia walianza kuomba maji nyumba nyingine. Mke wangu alikwenda shambani naye, akaenda kisimani naye, na nilipokuwa safarini alilala amenyooka mbele ya mlango. Nami kila niliporudi alinibwekea. Hakuwahi kuning'ata. Alisimama tu katikati ya ua na kubweka mpaka mke wangu atoke na kusema, "Ni baba, mwache," ndipo aniruhusu kupita. Kadiri alivyokua, sauti ile haikuchekesha tena. Nilijaribu kumnunua kwa nyama. Nilijaribu kukaa nyumbani wiki nzima. Akanizoea, akanipokea vizuri. Nikasafiri, nikarudi, tukaanza upya.

Nilimwendea mzee nikamlalamikia. Alikuwa anakamua, hakuacha.

"Anakubwekea kwa sababu hakujui."

"Mimi ndiye niliyemtafuta, baba. Miaka yote ile."

"Ndiyo, uliuliza sana," mzee akasema. "Mimi nilikuwa na majirani ambao hawakuuliza kitu, walikuja wakalima." Akaniangalia kwa huruma iliyoniudhi. "Kaa, mtani. Mbwa huwa anamzoea mtu anayekaa. Hana dawa nyingine."

Ningekaa. Nimelifikiri neno hilo katika vyumba vingi. Lakini mwaka uliofuata tajiri wa Majengo aliacha biashara ya asali, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, akaniambia naweza kuwa muuzaji nyuma ya kaunta. Nilisimama nyuma ya kaunta ile miezi michache nikitazama malori yanavyopita. Kisha nikakutana na mtu wa Kigoma, anasafirisha dagaa, anahitaji mtu asiyechoka njia.

Nilimweleza mke wangu tukiwa shambani. Alikuwa anapalilia karanga. Binti alikuwa shule. Mbwa alikuwa amelala mwisho wa tuta.

"Kigoma kuna nini?" aliuliza.

"Kuna ziwa. Kuna kazi. Nyumba za kupanga zipo."

"Na mbwa?"

"Treni haitampakia. Tutamrudisha kwa mzee."

Aliegemea jembe. Alinitazama kwa muda, na nikaona kwamba hakuwa na hasira hata kidogo, nami ningependa angekuwa nayo. "Nilikuambia mbwa akipatikana nitakaa," alisema. "Nikasubiri. Sasa amepatikana, baba. Nimekaa."

"Mimi ni mume wako."

"Ndiyo. Na mlango uko pale pale. Nani amekufukuza?"

Hakuna aliyenifukuza. Tulizungumza juu ya jambo hilo siku nyingi, kwa upole, kama watu wanaogawana chakula kidogo. Nilimwambia ningekwenda kwanza kutazama, kisha nitawaita. Alisema sawa. Wote wawili tulijua hataitika, na kwamba mimi sitarudi kukaa nyuma ya kaunta. Kwa binti nilisema naenda kuleta dagaa.

Siku niliyoondoka ilikuwa ya mvua iliyokatika asubuhi. Treni ilikuwa ya mchana. Nilibeba begi moja. Binti nilikuwa nimemsindikiza shule mapema, hadi karibu na Shanwe alikosomea, na nilikuwa nimemwangalia akiingia darasani bila kugeuka kwa sababu alikuwa anagombania nafasi ya dawati na mwenzake. Mke wangu nilimkuta shambani. Tulipeana mikono, jambo ambalo watu waliooana hawalifanyi. Aliniambia nisiache koti kwenye treni. Nikasema sitaacha.

Mbwa aliinuka akanifuata. Wageni waliokuja nyumbani kwa amani alikuwa na desturi ya kuwasindikiza. Aliwapitisha ua, akawapitisha mahindi, hadi pale njia ya shamba inapokutana na barabara ya mjini, akasimama hapo. Alinipeleka vivyo hivyo, kimya, hatua chache nyuma yangu. Barabarani akaketi. Niliweka begi chini nikamwekea mkono kichwani, na kwa mara ya kwanza hakukwepa. Kisha akasikia jembe la mke wangu likigonga jiwe kule shambani, akageuza sikio, akaondoka chini ya mkono wangu akarudi mbio kwenye karanga.

Nilisimama nikiwatazama. Mke wangu alikuwa ameinama. Alifika mwisho wa tuta, akakung'uta udongo kwenye jembe, akaanza tuta lingine.